Kamba ya Mgomba Juu ya Ukuta

Ninyi vijana wa machimbo, na ninyi wa chuo mnaoletwa kila mwaka mkiwa na kofia ngumu ambazo bado zina karatasi ya dukani, kaeni chini msome. Nimeandika kwa mkono wangu. Nilisoma hadi darasa la nne, kwa hiyo mahali nilipokosea herufi sahihisheni wenyewe, ndiyo kazi mliyosomeshwa. Mahali nilipoandika habari za jiwe msisahihishe kitu.

Sitawaambia nilifanywa msimamizi mwaka gani, wala nilipewa nini nilipoondoka. Hayo hayazuii ukuta kuanguka. Nitawaambia habari za kamba, kwa sababu wapo wanaotaka isahaulike, na mimi bado nina mdomo.

Siku ya kwanza nilishuka machimboni, chini kidogo ya mji wa Mkuu, nikiwa bi harusi wa miezi mitano. Nilivaa viatu vya kanisani, kwa sababu shangazi yake mume wangu aliniambia ni kazi ya heshima. Mwanamke mmoja mrefu, aliyetapakaa vumbi na jasho, aliacha kuchonga akavitazama vile viatu.

"Hivyo vinaenda kwenye ubatizo wa nani?" akauliza.

Huyo alikuwa Makyao. Ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachokijua kuhusu mawe, na mpaka anakufa hakuwahi kuniambia nimefanya vizuri. Aliponiona nimepatia alinyamaza tu, nami nikajifunza kufurahia ule unyamavu.

Jiwe letu si kama la kwingine. Ni majivu ya mlima yaliyoshikana zamani sana, laini kiasi kwamba unalikata kwa sururu na kulinyoosha kwa shoka likawa tofali. Nyumba nyingi za huku mnazolala ni jiwe hilo. Makyao alinifundisha kuligonga na kusikiliza. Likilia kama chungu kizima, chonga. Likilia kama debe bovu, rudi nyuma, hata kama umeshachonga nusu. Alinifundisha kushika sururu chini ya kiuno, si juu ya bega kama wanaume wanaotaka kuonekana. Alinipa mtaimbo wake wa zamani, mzito, uliopinda kidogo kwenye ncha. Huo mtaimbo nilikaa nao kuliko nilivyokaa na marehemu mume wangu, na sisemi kwa kumdharau.

Lakini jambo kubwa alilonipa lilikuwa juu, si chini.

Jiwe zuri lilikuwa chini ya ukuta mrefu wa upande wa mlimani. Juu ya ukuta, ukipanda kwa njia ya mbuzi, unakuta ardhi ya nyasi, na katikati ya nyasi kuna ufa. Siku ile ya kwanza ulikuwa mwembamba, kidole changu hakikuingia. Dada yake Makyao alifia chini ya ukuta huohuo kabla mimi sijaolewa. Baada ya mazishi Makyao alipanda masale mawili, ile mimea ya majani marefu ya mpakani, moja upande huu wa ufa na moja upande ule, hatua mbili kati yao, akayafunga kamba ya mgomba.

Wa huku mnajua kwa nini alitumia isale. Kigingi cha mti kingeng'olewa wiki hiyohiyo kikawa kuni. Isale hakuna Mchagga atakayeling'oa. Ndilo mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, ndilo unaloshika mkononi unapokwenda kuomba msamaha. Mchunga mbuzi analizunguka, mlevi analizunguka.

Kamba ilisokotwa kwa nyuzi tatu za gome kavu la mgomba, wala si mbili wala si nne. Ilibadilishwa kila Jumatatu, na kila baada ya mvua kubwa, ili ikikatika katikati ya wiki mtu asiseme ilikuwa imezeeka. Kila asubuhi, kabla mwanamke yeyote hajaingia chini ya ukuta, mmoja wetu alipanda kuitazama. Ikiwa nzima, anashuka na kazi inaanza. Ikiwa imekatika, hakuna majadiliano. Watu wanakaa mbali mpaka zipite siku tatu ambazo kamba mpya haikukatika.

Mimi nilikuwa kijana na akili nyingi kama ninyi. Nikamwambia, "Mama, mbona tusifunge waya? Hii kamba haina nguvu."

Akanijibu bila kuacha kusokota. "Waya utavumilia. Sitaki kitu kinachovumilia hapa juu. Wanaovumilia tumetosha kule chini. Nataka kitu kitakachokatika mapema, kipige kelele."

Nilimwelewa? Sikumwelewa. Nilisokota tu.

Makyao alipofariki kamba ikawa yangu. Kwa miaka yote hiyo ilikatika mara chache, na kila mara tulikaa pembeni, na mara mbili kipande cha ukuta kilishuka tukiwa tumekaa. Mara moja nikawatoa watu wote mbio, wanawake wakaacha sururu, mwingine akaacha kiatu, kumbe kamba ilitafunwa na mbuzi. Nilimkuta bado ana kipande mdomoni. Waliniita Mama Mbuzi mwaka mzima. Mama Doreen, ambaye tulichonga bega kwa bega hadi mwisho, aliniita hivyo hata kanisani. Sikujali. Nawaambieni na ninyi, mkikuta kamba imekatika, watoeni watu hata kama mbuzi bado anatafuna.

Mwenye machimbo tulimwita Saa Nne, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kabla ya saa hiyo. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye hajawahi kusimama chini ya ukuta.

Sasa nije kwa Nyamizi.

Alikuja akiwa mwaka wa nne wa uhandisi wa madini, binti wa Kahama, mwembamba, sauti ya taratibu. Ilibidi afanye utafiti wa kumalizia masomo, naye alichagua uimara wa kuta za machimbo madogo. Saa Nne alikubali haraka, maana aliona atapata karatasi ya chuo inayosema ukuta wake ni salama, na hapo angeweza kuchimba ndani zaidi, chini kabisa ya ule ufa. Alimwambia hivyo waziwazi, mbele yangu: "Binti, wewe niletee hiyo ripoti tu, mitambo najua pa kuipata."

Nyamizi akakosa pa kulala, nikamchukua kwangu. Akalala na wajukuu.

"Shikamoo bibi," aliniambia asubuhi ya kwanza, daftari tayari mkononi. "Samahani, naomba kukuuliza. Hili jiwe lina nguvu kiasi gani?"

"Marahaba. Nguvu ya kutosha kuua. Kunywa uji."

Kwao wanachimba dhahabu, mwamba wao ni mgumu, unalipuliwa kwa baruti. Alipoliona jiwe letu linakatwa kwa shoka alicheka. Lakini alikuwa na bidii, siwezi kumnyima hiyo. Alijaza mifuko ya sampuli akaandika kila mmoja ulipotoka. Alipanda juu ya ukuta na tepu, akapima umbali kati ya masale mawili kila Jumatatu, kama ratiba yake ya chuo ilivyotaka. Ile kamba aliiita "kiashiria cha kienyeji." Mama Doreen akasikia, akasema, "Mama Mbuzi amepandishwa cheo."

Wiki ya tano mke wa mwanangu Eli alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, tukateremka naye Moshi hospitali ya Mawenzi. Nilijua nitakaa siku kadhaa. Nani abaki na kamba? Mama Doreen alikuwa anaumwa malaria. Nikamwachia Nyamizi. Nikamwonyesha kusokota nyuzi tatu, nikamwambia atazame kila asubuhi, na ikikatika awatoe watu.

Nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa nilikosea mimi, si yeye. Nilimwambia afanye nini. Sikumwambia yale ya Makyao kuhusu waya na kuvumilia. Nilidhani msomi atajua. Msomi anajua alichoambiwa, kama mtu mwingine yeyote.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Ijumaa asubuhi nikarudi. Sikupita nyumbani, nilikwenda moja kwa moja machimboni na kikapu changu cha hospitali, nikapanda njia ya mbuzi.

Kwenye masale kulikuwa na kamba ya nailoni ya bluu.

Ilikuwa nzima. Ilikuwa imekaza kama uzi wa gitaa, na masale ya Makyao yalikuwa yameinamiana, vichwa vinakaribia, kama watu wawili wanaosengenya. Nikatazama ufa. Mkono wangu ukaingia hadi kifundo.

Sikumbuki niliteremkaje na magoti haya. Nakumbuka nikipiga kelele, na wanawake kumi na mmoja wakitoka chini ya ukuta bila kuuliza, maana sauti hiyo waliijua. Nyamizi alikuwa amesimama na daftari lake.

"Bibi, kamba ni nzima! Nimeiangalia leo saa kumi na mbili."

"Ile ya mgomba iko wapi?"

"Ilikatika Jumanne. Nikafunga nyingine, Jumatano ikakatika tena. Nikaona pengine sijui kusokota. Ndiyo nikanunua imara Mkuu sokoni."

"Ilipokatika uliwatoa watu?"

Akafunga daftari. Mama Doreen, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amerudi kazini akiwa bado na homa, alikaa chini juu ya ndoo.

"Nilidhani ni kosa langu, bibi," akasema Nyamizi. "Niliona aibu kusimamisha kazi ya watu kwa sababu ya kamba niliyosokota vibaya."

Saa Nne alifika kwa wakati wake. Akatukuta tumekaa upande wa barabarani.

"Vipi, msiba?"

"Bado," nikamwambia.

"Bibi Ndeshi, lori liko njiani. Kamba nimeiona kutoka hapa, ya bluu, nzima kabisa. Au ni mbuzi tena?"

"Nenda kasimame pale chini wewe. Ukimaliza saa moja, nasi tutaingia."

Akacheka, akawatazama wanawake, akaona hawacheki. Hapo ndipo alipokasirika. Alisema maneno mengi. Alisema bibi kizee asiyemaliza shule ya msingi na kamba ya kufungia majani ya ng'ombe hatamsimamishia kazi. Alisema asiyeingia asirudi Jumatatu. Nikamwambia, "Basi Jumatatu utachonga mwenyewe, na uje mapema." Hakuna mwanamke aliyeinuka. Lakini na yeye, mtambue, hakwenda kusimama pale chini.

Lori lilikuja likarudi tupu. Tulikaa. Jua likapita kichwani. Mwenzetu mmoja akaanza kunung'unika kwamba angalau angekuwa shambani. Mimi mwenyewe, nawaambia kweli, nilianza kumwaza yule mbuzi.

Muda wa chai ya saa kumi, nailoni ilikatika. Mlio wake ulikuwa mdogo. Baada ya huo mlio hatukupewa hata nafasi ya kusimama. Ukuta haukuanguka kama mti unavyoanguka. Ulikaa chini, kama mzee anayekaa kwenye kigoda, halafu vumbi likatufunika wote tukawa weupe. Vumbi lilipotua, mahali tulipokuwa tukichonga hapakuwepo. Sururu zilizoachwa hazikupatikana. Mtaimbo wa Makyao uko chini pale hadi leo.

Nailoni ilisema, lakini ilisema wakati wa kuanguka kwenyewe. Ya mgomba ilisema tangu Jumanne.

Wanawake kumi na mmoja walikwenda nyumbani kwa miguu yao. Saa Nne aliondoka bila kutuaga.

Nyamizi hakula siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta kwenye meza yangu na daftari, na ufutio. Jumanne na Jumatano zilikuwa na mistari ya penseli: "Kamba imekatika. Hitilafu ya kamba." Alikuwa amefuta nusu ya Jumanne.

"Unafanya nini?"

"Mwalimu wangu nimempigia simu, bibi. Amesema kamba ya mgomba si kifaa cha kupimia, niiondoe yote, nibaki na tepu na sampuli. Na mwenye machimbo anataka niandike ilikuwa ni mvua."

"Ilinyesha?"

"Hapana."

"Basi mvua itoe."

"Nikiandika ukweli, itabidi niandike kwamba niliiona dalili mara mbili nikaibadilisha isionekane. Watanifelisha, bibi. Nyumbani wameuza ng'ombe ili nifike mwaka wa nne."

Nilimwonea huruma, lakini huruma sikuitoa mdomoni. Nikamwambia, "Kufeli utarudia. Wale kumi na mmoja wangerudia wapi? Wewe utaandika. Utaandika ilikatika Jumanne, utaandika ilikatika Jumatano, utaandika uliona aibu, ukafunga kitu kinachovumilia. Andika na kosa langu, kwamba sikukueleza. Halafu kesho kuna mwingine kama wewe atakuja na kofia mpya, ataona kamba dhaifu, atataka kuisaidia. Asome kwanza."

"Na kama mwalimu akikataa?"

"Mwalimu alikuwepo?"

Akachukua kalamu ya wino. Akaandika juu ya pale alipofuta. Kisha akaniambia nimsokotee kamba ishirini, za nyuzi tatu, akazipeleka kupima kila moja inakatika ikivutwa kiasi gani. Kumi na nane zilikatika zikivutwa karibu kiasi kimoja. Mbili zilikataa kukatika hapo, na nilimwambia hizo mbili alizisokota mjukuu wangu. Aliandika na hilo.

Wakubwa wake walimbana siku ya kutetea ripoti. Mmoja alimuuliza kama na majani ya migomba atayaleta maabara. Alimwambia, "Nimeyaleta, mwalimu, yako kwenye mfuko wa tatu." Walimrudisha akaandika upya sura nzima, alama hazikuwa za kujisifia, lakini alifaulu. Alinitumia picha ya ukurasa kwenye simu ya Eli. Mwishoni, kwenye orodha ya vitabu alivyosoma na majina ya watu wakubwa, kuna mstari unaosema: Ndeshi, mchongaji mawe, mazungumzo. Nilimwambia Eli anikuzie yale maandishi. Nikanyamaza, kama Makyao.

Na karatasi aliyoisubiri Saa Nne ilipofika, ilisema watu wasiingie chini ya ukuta ule. Aliikunja akaiweka mfukoni.

Mimi nimeacha kazi mwaka huu. Magoti ndiyo yaliyoamua. Nilidhani basi. Lakini isale moja la Makyao lilishuka na ukuta, la pili likabaki, na nyuma ya hilo lililobaki ufa mwingine umeshaanza. Chini yake kuna jiwe zuri kweli, lililofunuliwa na maporomoko. Saa Nne analitaka. Wanawake wamemwambia hawatii sururu pale mpaka wasikie neno langu.

Juma lililopita alikuja nyumbani. Na kumbe anaweza kuamka, ilikuwa saa mbili asubuhi. Alisimama mlangoni na tawi la isale mkononi.

Ninyi mliotoka mbali labda hamjui uzito wake. Ukiletewa isale huna ruhusa ya kukataa. Hata ndugu walioumizana hadi damu, likija isale, wanakaa. Eli akainuka akampa kiti.

"Bibi," akasema, "nilikutukana mbele ya watu. Nimekosa. Nimekuja kuomba."

Nikalipokea isale kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Nimekusamehe. Kwa moyo, na watoto hawa ni mashahidi. Kunywa chai."

Akanywa. Akapumua. Kikombe kilipofika nusu akasema, "Sasa bibi, kwa kuwa tumeelewana, kesho njoo useme neno moja tu kwa wale kina mama."

"Neno gani?"

"Kwamba ukuta uko sawa."

"Umeshaufunga kamba?"

"Bibi, nimeleta isale!"

"Na nimelipokea. Isale ni la kuomba msamaha, baba. Hujaleta la kuomba ruhusa, kwa sababu halipo. Ulinikosea mimi, nimekusamehe mimi. Ukuta hukuutukana, wala haukusikii."

Alizungusha kikombe. Akasema nitamfukarisha. Akasema watu watamcheka kwamba anaendeshwa na gome la mgomba. Nikamwambia mimi nimeendeshwa nalo maisha yangu yote na nimezika waliokufa kwa maradhi tu. Akaaga kwa adabu. Sijui kama atarudi, wala sijui kama atatafuta wachongaji wengine ambao hawamjui Makyao. Ndiyo maana naandika.

Alipovuka lango, niliwaita wote wa nyumba hii, hadi yule mtoto mchanga aliyezaliwa Mawenzi aletwe mgongoni. Nikampa Eli lile tawi la isale.

"Lisilale humu ndani," nikasema. "Chukua jembe, panda nalo juu sasa hivi, ulipande ng'ambo ya ufa mpya, hatua mbili, mkabala na la Makyao. Wewe mkwe, msokotee kamba, nyuzi tatu, na huyo mtoto atazame. Kila asubuhi mmoja wenu apande kuiangalia, niwe hai au nisiwe hai. Na nikisikia mtu wa nyumba hii ameifunga ya nailoni, alale nje. Ya mgomba."